Mwalimu wa Anse Boileau na Lugha Iliyofika Darasani kwa Kuchelewa

Mwaka 1977 lugha za nyumbani zilizua kishindo upande huu wa Bahari ya Hindi. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walianza mwezi Oktoba kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Novemba serikali ikaufunga mchezo, na siku ya mwisho ya mwaka polisi wakamchukua mmoja wa watunzi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, nyumbani kwake. Mwaka huohuo kikatoka kitabu Historia ya Kiswahili cha Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, na Mathias Mnyampala, malenga wa Dodoma, wote wawili wakiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Na kule Paris, mchapishaji P.J. Oswald akatoa kwa mpigo vitabu vitatu vya mtu ambaye Afrika Mashariki haimjui sana hadi leo: Antoine Abel, mwalimu wa walimu kutoka kisiwa cha Mahé, Shelisheli.

Abel alikuwa Mkrioli, mtoto wa wakulima, na kwao wanamwita baba wa fasihi ya Shelisheli. Lakini vitabu vile vitatu vilivyompa jina havikuandikwa kwa Kikrioli, lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Viliandikwa kwa Kifaransa. Anayetaka kumwelewa mtu huyu hana budi kuanzia hapo, maana wasifu wake mara nyingi husimuliwa kana kwamba alizaliwa akiitetea lugha yake. Haikuwa hivyo, na kwa kweli isingeweza kuwa hivyo.

Msomaji wa Isiolo, Kenya, atamwelewa upesi kuliko wengi. Huko Gotu, ukingoni mwa Ewaso Nyiro, mtoto wa Gredi 1 hufika shuleni na Kiborana au Kiturkana. Kiswahili anakutana nacho sokoni na kwenye gari la kwenda mjini. Kiingereza kiko kitabuni na kwenye mtihani. Lugha zote tatu zina mahali pake na heshima yake, na ile ya nyumbani ndiyo inayoheshimiwa kidogo kuliko zote pindi mwenye kuisema avukapo mlango wa darasa. Abel alikulia katika mpangilio uleule: Kikrioli nyumbani na shambani, Kifaransa kanisani na kwa wenye mashamba, Kiingereza katika ofisi za serikali ya kikoloni.

Mpangilio huo ulikuwa na historia ya damu. Shelisheli haikuwa na wenyeji. Walowezi wa kwanza walitia nanga mwaka 1770, wakiwa Wafaransa wachache pamoja na watumwa wa Kiafrika na Wahindi kadhaa. Mashamba yalipoongezeka, watumwa wakaletwa kwa wingi kutoka Msumbiji, pwani ya Afrika Mashariki na Bukini, yaani Madagaska. Waliotoka makabila tofauti, wasioelewana kwa lugha za kwao, walilazimika kuelewana na bwana na wao kwa wao. Katika mashamba hayo ndimo Kikrioli kilipokomaa, maneno yake mengi yakiwa ya Kifaransa lakini watu wake wengi wakiwa wa asili ya Afrika. Waingereza walivitwaa visiwa rasmi mwaka 1814, wakabadilisha bendera na sheria, lakini hawakubadilisha wenye mashamba wala lugha yao. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, watu huru wapya walijikuta wakifanya kazi ileile, mara nyingi kwa bwana yuleyule.

Kisha likaja wimbi la pili, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1861 manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara wa watumwa katika bahari ya Zanzibar na Pemba zilianza kuwashusha Mahé watu waliookolewa majahazini. Kwa muda wa miaka kumi na kitu waliteremshwa zaidi ya 2,000. Wengi walikuwa wametekwa bara, nchi za Wayao, Wamakua na watu wa Ziwa Nyasa, wakashuka njia zile zile za misafara zilizoishia Kilwa na Bagamoyo. Bahati yao ikawapeleka Shelisheli badala ya Pemba au Maskati. Wenzao waliookolewa baadaye kidogo walijengewa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wa Mahé walipata Venn's Town, shule ya Church Missionary Society iliyofunguliwa mwaka 1876 juu ya mlima, penye ukungu na mwonekano wa bahari mpaka upeo wa macho. Watoto wa watu waliookolewa walifundishwa humo kusoma, dini na kazi za shamba. Mchoraji Marianne North alifika mwaka 1883 akaichora mandhari yake. Kufikia mwisho wa karne shule ilikuwa imefungwa, na magofu yake bado yapo.

Waingereza waliviona visiwa hivi kuwa pia jela nzuri isiyohitaji kuta. Mwaka 1901 waliwaleta Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka ishirini, akaruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafa Jinja kabla hajafika kwao. Khalid bin Barghash, aliyeikalia ikulu ya Zanzibar kwa siku chache tu mwaka 1896, naye aliionja Shelisheli baada ya kukamatwa Dar es Salaam katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mtu akisema Shelisheli ni mbali na Afrika Mashariki, atakuwa ameangalia ramani tu.

Kabla ya Abel kulikuwa na mwalimu mwingine, naye hatajwi vya kutosha. Rodolphine Young, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1932, alifundisha shule Mahé wakati ambapo hakuna aliyekuwa na fikira kwamba Kikrioli kinaweza kuandikwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 hivi alikaa akazitafsiri ngano za La Fontaine, zile ambazo kila mtoto wa shule ya Kifaransa alizikariri, akaziweka katika lugha ambayo wanafunzi wake waliisema uwanjani. Hazikuchapishwa. Mswada ulikaa miaka na miaka, mpaka watafiti Annegret Bollée na Guy Lionnet walipoutoa Ujerumani mwaka 1983, nusu karne baada ya mwenyewe kuzikwa. Wanaisimu wanauthamini kama ushahidi wa Kikrioli cha zamani. Mwandishi wa makala hii angependa zaidi kuuona kama daftari la mwalimu aliyechoka kuwaona watoto wakikariri wasichokielewa.

Antoine Abel alizaliwa tarehe 27 Novemba 1934 huko Anse Boileau, kijiji cha ghuba pana upande wa magharibi wa Mahé. Uhai wa kijiji kama hicho ulikuwa mnazi. Mwanamume huichoma nazi kwenye ncha ya chuma iliyosimikwa ardhini, akaipindua mara mbili tatu, kifuu kikabaki uchi na makumbi chini. Nazi hupasuliwa, nyama yake ikakaushwa juani au katika tanuri linalochochewa kwa makumbi na vifuu vyenyewe, ikawa mbata. Mtu alipimiwa kazi kwa idadi ya nazi, na harufu ya moshi wa tanuri hilo haikumtoka nguoni. Mbata, pamoja na mdalasini, ndizo zilizoendesha uchumi wa visiwa mpaka watalii walipofika. Abel atakuja kuipa riwaya yake jina Coco sec, yaani nazi kavu, na Mshelisheli yeyote wa rika lake hakuhitaji kuelezwa jina hilo limebeba nini.

Usiku wa Jumamosi kulikuwa na moutya. Ngoma bapa za ngozi ya mbuzi hupashwa moto mpaka ngozi ikaze na sauti ipande, kisha mtu hutupa ubeti wa papo hapo, wa mapenzi, wa kumsengenya msimamizi, wa kulalamikia ujira, na wengine wakaupokea. Wakubwa walijua kwamba mashairi hayo yanawasema. Mwaka 1935 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ngoma mjini baada ya saa 3 usiku. Abel alikuwa bado mtoto mchanga. Moutya ikaingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2021, wakati ambapo waliokamatwa kwa ajili yake walikuwa wameshasahaulika.

Shule ilikuwa dunia nyingine. Elimu ya visiwa ilishikwa na Wakatoliki, watawa wa Cluny tangu mwaka 1861 na mabruda Wamarist tangu 1884, na lugha yao ilikuwa Kifaransa. Serikali ilitaka Kiingereza, na baada ya miaka ya 1940 ikakisukuma kwa nguvu. Wakati mapadre na maofisa wakivutana ni lugha gani ya Ulaya imfae mtoto, hakuna aliyemuuliza mtoto anaongea nini. Kikrioli kiliitwa Kifaransa kibovu. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama shuleni anaijua sauti hiyo.

Abel alitoka visiwani. Alisoma Uswisi, kisha Uingereza, katika vyuo vikuu vya Reading na Bristol, akarudi kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Ni jambo la kuzingatia: hakurudi kuwa mwanasiasa wala mhariri wa gazeti. Alirudi kuwafundisha wale watakaofundisha, katika nchi ndogo kiasi kwamba karibu kila shule ya msingi ingepata mwalimu aliyepita mikononi mwake au mikononi mwa mwenzake.

Kitabu chake cha mashairi, Paille en queue, kilitoka mwaka 1969. Ni jina la ndege mweupe mwenye mkia mrefu mwembamba, ambaye Washelisheli wamemweka hata kwenye nembo ya taifa. Wakati huo visiwa havikuwa na uwanja wa ndege wa kimataifa. Mtu alifika kwa meli, zikiwemo za kampuni ya British India zilizopita kati ya Mombasa na Bombay, na Washelisheli wengi walishukia Mombasa kutafuta kazi Kenya. Uwanja ulipofunguliwa mwaka 1971, mambo yakabadilika kwa kasi ambayo mashairi yasingeweza kuifuata.

Uhuru ulikuja tarehe 29 Juni 1976. Rais wa kwanza, James Mancham, alikuwa naye mtunzi wa mashairi, jambo ambalo halikumsaidia. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa London kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa waziri mkuu wake, France-Albert René, walitwaa madaraka. Tanzania ilimuunga mkono René, na askari wa jeshi lake, JWTZ, wakapelekwa visiwani. Walikuwepo hata Novemba 1981, Mike Hoare na mamluki wake walipojaribu kuipindua serikali hiyo. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo Abel alikuwa akitambulika kama mwandishi, Kiswahili cha kambini kilisikika Mahé.

Vitabu vya Paris vilikuwa Coco sec, Une tortue se rappelle, na Contes et poèmes des Seychelles. Cha pili kinamwita kobe shahidi tangu kwenye jina lake: kobe anakumbuka. Katika nchi ambayo kobe wakubwa wa Aldabra huishi kuliko binadamu, kuzidi miaka 100, hilo ni chaguo la akili. Watu walioletwa kwa minyororo hawakuacha kumbukumbu zao kwa maandishi. Kumbukumbu zilizoandikwa ni za wenye mashamba. Mwandishi akamtafuta shahidi ambaye si wa upande wa wenye kalamu. Mwaka 1979 Abel akapewa tuzo ya Mascareignes, na jina lake likafika kwenye rafu za maktaba za Kifaransa.

Wapo waliomlaumu kimyakimya kwamba aliwaandikia Wafaransa maisha ya Wakrioli. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Mwaka 1969, hata mwaka 1977, nani angesoma kitabu cha Kikrioli? Tahajia haikuwepo. Kila mtu aliandika neno kama alivyolisikia, au kama Kifaransa kilivyomzoesha. Mchapishaji hakuwepo. Mwandishi wa Kiswahili hukaa juu ya karne kadhaa za tenzi na barua, kwanza kwa hati za Kiarabu. Abel hakuwa na chochote cha kukalia ila masimulizi ya mdomo.

Na masimulizi yalikuwa tele. Mhusika mkuu wa hadithi za Shelisheli ni mjanja aitwaye Soungoula. Mswahili hahitaji kamusi. Ni sungura wetu, aliyevuka bahari katika vifua vya watu waliotekwa. Ajabu ni kwamba visiwa havikuwa na mnyama wa namna hiyo, na kadiri vizazi vilivyopita Washelisheli wengi wakaja kumwazia kama kima. Jina likabaki, umbo likapotea, ujanja haukupungua. Mwaka 1976 hadithi za msimulizi Samuel Accouche zilichapishwa Cologne, Ujerumani, zikiwa zimehaririwa na Bollée, kwa jina Ti anan en foi en Soungoula. Mwaka 1978 Bollée huyohuyo na Danielle D'Offay, Mshelisheli mwanaisimu, wakatoa kijitabu kilichopendekeza tahajia mpya. Mwaka 1982 D'Offay na Guy Lionnet wakatoa kamusi ya Kikrioli na Kifaransa.

Serikali ya René ilikuwa na haraka. Ilikuwa serikali ya chama kimoja, na ilikipenda Kikrioli kwa sababu zake yenyewe pia: lugha ya wengi ilikuwa silaha dhidi ya familia kubwa za Kifaransa. Mwaka 1981 Kikrioli kikatangazwa lugha ya kwanza ya taifa, na Januari 1982 kikaingia darasa la kwanza kama lugha ya kufundishia kusoma na kuandika. Kizuri kimetoka katika amri, na ni vizuri kulisema hilo bila kulipamba. Kamĩrĩĩthũ wanakijiji waliiinua lugha, serikali ikaipiga. Mahé serikali iliiinua, na wazazi wengi ndio waliokunja uso, wakihofia kwamba watoto wao wangefungiwa milango ya ajira.

Abel sasa alikuwa na tahajia, na alikuwa na wasomaji wanaokuja. Akaandika kwa Kikrioli pia, hadithi na maigizo. Mtu aliyefundishwa kudharau lugha yake, akaishi kuwafundisha walimu, alipofika umri wa miaka 47 alianza tena kama mwanafunzi wa kuandika lugha yake. Ngũgĩ alifanya safari hiyo pia, kutoka Kiingereza hadi Kikuyu, lakini Biblia na vitabu vya Kikuyu vilikuwa vimemtangulia. Njia ya Abel ilikuwa haijafyekwa. Waliomfuata hawakuchelewa: mwaka 1985 Leu Mancienne akatoa Fler Fletri, riwaya ya kwanza ya Kikrioli cha Shelisheli, na tamasha la Festival Kreol likaanza mwaka huohuo. Taasisi ya Lenstiti Kreol ikaundwa mwaka uliofuata kuchapisha na kuitunza lugha.

Matokeo hayakuwa muujiza. Baada ya miaka ya mwanzo Kiingereza kilisogezwa karibu zaidi na madarasa ya chini, Kikrioli kikabaki na nafasi nyembamba kuliko iliyoahidiwa mwaka 1982, na mjadala haujaisha hadi leo. Lakini hakuna tena mwalimu Mahé anayeweza kusema hadharani kwamba lugha hiyo haiandikiki. Abel alifariki tarehe 19 Oktoba 2004, siku tisa kabla ya siku ya kimataifa ya Kikrioli. Nchini kwake ipo tuzo ya uandishi yenye jina lake.

Kenya nayo haikukosa mpango wa kuingiza lugha za nyumbani darasani. Mwaka ule wa uhuru wa Shelisheli, 1976, tume ya Gachathi ilipendekeza kwamba watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na pale penye mchanganyiko Kiswahili kitumike. Mtaala wa sasa umelirudia wazo lilelile, na taasisi ya mitaala, KICD, imeandaa miongozo ya lugha za kienyeji. Tatizo la Gotu ni vitabu vya kushika mkononi, na pia kwamba darasa moja linaweza kuwa na Waborana na Waturkana kwenye dawati moja.

Si kwamba hakuna cha kuandika. Waborana huimba wanaponywesha mifugo, wanaume wamesimama ngazi kwa ngazi kisimani, ndoo ikipanda mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoshika mwendo wa kazi. Mwaka 2007 mkusanyiko mkubwa wa methali za Kiborana ulichapishwa kwa kazi ya Günther Schlee na mwalimu Abdullahi Shongolo wa Moyale. Ulichapishwa Cologne, mji uleule uliochapisha hadithi za Soungoula miaka 31 kabla. Tofauti ni kilichofuata. Washelisheli walikichukua kilichotoka Ujerumani wakakigeuza kitabu cha darasa la kwanza ndani ya miaka sita.

Wanaosema Kiborana ni lugha ya watu wachache mno kufanyiwa hivyo waangalie hesabu. Sensa ya mwaka 1977 iliwakuta Washelisheli karibu 62,000. Kaunti ya Isiolo peke yake, katika sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 268,002, na Waborana wengi zaidi wako Marsabit na ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia. Shelisheli ilikuwa na kitu ambacho Gotu haina, nacho ni wizara nzima ya elimu iliyoamua, pamoja na chuo cha ualimu ambamo mmoja wa wakufunzi wake alikuwa mshairi.